Waliopimwa kisukari tunawajua. Waliobaki kwenye dawa ni wangapi?

Kila ifikapo tarehe 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani, mahema hupigwa katika viwanja vya miji yetu, watu hupanga foleni, vidole hudungwa sindano, na jioni taarifa hutolewa kwamba raia kadhaa wamepimwa bila malipo. Siku hiyo ilianzishwa mwaka wa 1991 na Shirikisho la Kimataifa la Kisukari pamoja na Shirika la Afya Duniani, na tarehe yenyewe ni ya kuzaliwa kwake Frederick Banting, daktari wa Canada aliyeshiriki katika kuvumbua insulini. Ni siku njema. Lakini hesabu inayotangazwa jioni ile ndiyo ninayotaka kuihoji hapa, kwa kuwa imegeuka kuwa ndicho kipimo cha kuamulia kama mradi wa afya umefaulu au umeshindwa. Tunaambiwa waliopimwa. Hatuambiwi, mwaka mmoja baadaye, ni wangapi kati ya waliokutwa na sukari nyingi ambao bado wanameza dawa, ni wangapi ambao sukari yao imeshuka, na ni wangapi ambao hawakuonekana tena.

Olenguruone ni mahali panapofaa kuulizia swali hilo. Mji huo mdogo wa Kuresoi Kusini, kaunti ya Nakuru, umekaa juu kwenye baridi na ukungu wa Mau, umezungukwa na mashamba ya majani chai na viazi. Wanafunzi wa historia wanalijua jina lake kwa sababu nyingine: mwaka wa 1941 serikali ya kikoloni iliwapa makao hapo Wakikuyu waliokuwa wameondolewa kwingineko, kisha ikawawekea masharti ya namna ya kulima, wakayakataa, na kufikia mwaka wa 1950 ilikuwa imekwisha kuwafukuza. Katika faili za maafisa mpango ule ulikuwa mzuri. Nautaja kwa hilo tu, maana tabia ya kuusoma mradi katika faili badala ya kuusoma katika maisha ya wanaolengwa haikuondoka pamoja na Mwingereza.

Wako wanaodhani kwamba kisukari ni maradhi ya mjini, ya wenye magari na vitambi, na kwamba mkulima anayepanda na kushuka vilima vya Olenguruone akiwa na gunia la viazi mgongoni hana haja ya kukiwazia. Takwimu za Nakuru yenyewe zinawakosoa. Kati ya mwaka wa 2007 na 2008, watafiti, akiwamo Dkt Wanjiku Mathenge, walizunguka iliyokuwa wilaya ya Nakuru, mjini na mashambani, wakawapima watu zaidi ya 4,000 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea. Nusu yao walikuwa na shinikizo la damu. Asilimia 6.6 walikuwa na kisukari. Ni kweli kwamba maradhi hayo yalikuwa mengi zaidi mjini, lakini mashambani hayakukosekana; na walipochunguzwa macho, zaidi ya theluthi moja ya wenye kisukari walikutwa mishipa ya nyuma ya jicho tayari imeanza kuharibika. Jicho haliharibiki wiki moja baada ya sukari kupanda. Kwa kawaida huchukua miaka, na mara nyingi mwenyewe hahisi lolote.

Kwa taifa zima hali si tofauti. Uchunguzi mkubwa wa mwaka wa 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza ulionyesha kwamba takriban asilimia 88 ya Wakenya wazima hawakuwa wamewahi kupimwa sukari hata mara moja maishani. Miongoni mwa waliokutwa na kisukari, chini ya nusu ndio waliokuwa wakijijua. Waliokuwa kwenye matibabu walikuwa wachache zaidi, na waliofaulu kukidhibiti walikuwa wachache mno. Msomaji atazame jinsi idadi hiyo inavyopungua kama maji katika mfereji uliotoboka: wenye ugonjwa, wanaojua, wanaotibiwa, wanaodhibiti. Kila hatua inamwaga watu. Nasi tumekazana kuongeza maji mwanzoni mwa mfereji.

Haya, tuwape haki yao waliojitahidi. Tarehe 25 Septemba 2023 serikali ilizindua huduma ya wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya laki moja nchini kote, wenye mikoba ya vifaa, na ndani ya mkoba mna kipima-joto, mizani, mashine ya shinikizo la damu na kifaa cha kupimia sukari. Waliahidiwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Kwa jamii iliyotawanyika vilimani, ambako mvua ikinyesha njia hugeuka tope na bodaboda huteleza, kumleta mpimaji hadi mlangoni ni hatua kubwa kuliko hema lolote la mjini. Mama anayechuma chai tangu alfajiri hana nafasi ya kwenda kutafuta ugonjwa asiouhisi. Ukimfuata nyumbani, utampata.

Lakini kuna jambo ambalo wachache huelezwa, nalo linawahusu hasa walimu wa hisabati na wanafunzi wao. Mradi mzuri wa afya, katika miaka yake ya mwanzo, huufanya mzigo wa maradhi uonekane umekua. Kijiji kisichopimwa hakina kisukari katika daftari. Kijiji kinachopimwa kinacho. Mwaka wa 1989 Profesa Donald McLarty na wenzake waliandika kuhusu vijiji vya Tanzania walivyovichunguza, wakakuta kisukari kwa chini ya asilimia moja ya watu wazima. Mwaka wa 2012 uchunguzi wa kitaifa nchini humo ukatoa kiwango cha takriban asilimia 9. Sehemu ya tofauti hiyo ni ongezeko la kweli, kwa kuwa maisha yamebadilika, watu wamehamia mijini na kazi nyingi hazitoi jasho tena. Sehemu nyingine inatokana na namna ya kupima na watu waliopimwa. Anayeziweka tarakimu hizo mbili bega kwa bega na kupiga yowe anakosea, na anayezitupa zote anakosea pia. Kwa hiyo afisa wa kaunti akisema kwamba wagonjwa wa kisukari wameongezeka tangu wahamasishaji waanze kazi, tusimkemee. Huenda hiyo ndiyo habari njema ya kwanza. Tumuulize tu habari ya pili iko wapi.

Uingereza iliwahi kuijaribu habari hiyo kwa makini kuliko wengi wetu. Katika mashariki ya nchi hiyo, watu zaidi ya 20,000 wenye umri kati ya miaka 40 na 69, waliodhaniwa kuwa katika hatari ya kisukari, waligawanywa kufuata zahanati zao: wengine wakaalikwa kupimwa, wengine wakaachwa waendelee na huduma ya kawaida. Baada ya takriban miaka kumi, matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2012 yalionyesha kwamba vifo katika makundi hayo havikutofautiana. Tusiharakishe kusema kwamba kupima ni bure. Uingereza ina daktari wa familia kwa kila mwananchi, na mtu ambaye hakupimwa leo huenda akagunduliwa kesho akienda kutibiwa kikohozi. Sisi hatuna wavu kama huo. Ila fundisho lake lasimama: tone la damu kwenye kidole halimponyi mtu. Linalomfaa ni lile linalofuata baada ya tone.

Linalofuata nalo linajulikana. Nchini humo humo Uingereza, utafiti ulioanza mwaka wa 1977 na kuwafuatilia wagonjwa wapya zaidi ya 5,000 ulitoa matokeo yake makuu mwaka wa 1998. Waliodhibiti sukari kwa ukali zaidi walipunguziwa madhara ya mishipa midogo, yaani ya macho na figo, kwa asilimia 25. Na dawa iliyo msingi wa matibabu ya kisukari cha aina ya pili, metformini, si uvumbuzi wa jana wala si ghali. Imetumiwa Ulaya tangu miaka ya 1950, na hataza yake ilikwisha zamani. Kwa ufupi, elimu ipo, dawa ipo, na bei yake si ya kutisha. Kwa nini basi watu bado wanapofuka na kukatwa miguu?

Kuna jaribio moja lililofanyika hapa hapa Kenya ambalo kila mpangaji wa afya angefaa kulisoma mara mbili. Mwaka wa 2015 kampuni ya dawa ya Novartis ya Uswisi ilianzisha mpango wa kuuza dawa za maradhi yasiyoambukiza kwa bei ya dola moja kwa mwezi kwa kila tiba, na Kenya ilikuwa nchi ya kwanza kuupokea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston waliupima mpango huo katika kaunti nane, mojawapo ikiwa Narok, jirani wa Olenguruone upande wa pili wa msitu. Matokeo yao yalichapishwa mwaka wa 2019. Katika vituo vya afya, upatikanaji wa metformini na wa dawa moja ya shinikizo la damu uliongezeka kwa kiwango cha kuonekana. Watafiti hawakuishia hapo. Walibisha hodi nyumbani kwa wagonjwa wenyewe, wakaangalia kama dawa ilikuwamo ndani. Huko hawakuona tofauti yoyote.

Nalirudia jambo hilo kwa sababu ndilo kiini cha hoja yangu. Dawa ilifika rafuni na haikufika mezani. Kama watafiti wangehesabu rafu peke yake, tungetangaziwa ushindi. Kati ya rafu na nyumba ya mgonjwa kuna nauli, kuna siku ya kazi inayopotea, kuna foleni, kuna kauli kali ya mhudumu aliyechoka, kuna mume anayeuliza kwa nini fedha za karo zimenunua vidonge vya mtu asiyeumwa. Na kuna ile imani ya kawaida, ambayo hata wasomi wanayo, kwamba dawa humezwa mpaka mtu apate nafuu kisha huachwa, kama ya malaria. Kisukari hakiachwi hivyo. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Tumchukue mama mmoja wa kubuni, mwenye miaka 54, anayeishi vilima kadhaa kutoka mjini Olenguruone. Mhamasishaji anampima, sukari iko juu, anaandikiwa karatasi ya kwenda kituoni. Anakwenda mara ya kwanza kwa hofu. Anapewa vidonge vya wiki mbili. Baada ya wiki mbili ni msimu wa kuvuna viazi. Anasema atakwenda wiki ijayo. Wiki ijayo anakwenda, anaambiwa dawa haijaletwa, ajaribu duka la dawa. Duka linauza, lakini bei ya leo si ya juzi. Ananunua za siku tano. Siku ya sita hajisikii vibaya hata kidogo, na huo ndio ujanja wa maradhi haya. Baada ya miaka mitano anaanza kuhisi ganzi miguuni, anakanyaga mwiba bila kuuhisi, kidonda kinakataa kupona, na safari ya kupitia Keringet na Molo hadi hospitali kuu ya kaunti mjini Nakuru inakuwa haina budi. Katika daftari la mradi, mama huyu ni ufanisi: alipimwa, akagunduliwa, akaelekezwa. Masanduku yote matatu yametiwa alama.

Msomaji mwenye busara atasema kwamba huwezi kumtibu usiyempima. Ni kweli tupu, na sitabishana naye. Ninachokataa ni kuanza na mlango wa kuingilia kabla ya kujenga nyumba. Kumwambia mtu ana ugonjwa wa maisha, kisha kumwacha atafute mwenyewe pa kuupeleka, ni kumwongezea hofu juu ya ugonjwa. Vibanzi vya kupimia sukari vikiisha katika mkoba wa mhamasishaji, nani analeta vingine, na baada ya siku ngapi? Zahanati ikiishiwa metformini, nani anaulizwa? Kama maswali hayo hayana jina la mtu mwenye kuwajibika, basi mkoba ule hautakawia kuwa pambo.

Wala tusidai kwamba kazi ya namna hii haiwezekani katika nchi maskini, kwa maana tumekwisha kuifanya. Ukimwi ulipotuvamia, Kenya ilijifunza jambo ambalo wengi huko nje walidai haliwezekani Afrika: kuwaweka watu kwenye dawa za kila siku, miaka nenda miaka rudi, na kumtafuta kila anayekosa kurudi. Mgonjwa ana faili na ana tarehe ya kurudi. Asipokuja, mtu hutumwa kumwulizia. Lengo halikuwa kupima tu. Umoja wa Mataifa uliweka mwaka wa 2014 malengo matatu yaliyofungamana, ya asilimia 90 kila moja: wajue hali zao, wapate dawa, virusi vidhibitiwe. Huko Eldoret, mpango wa AMPATH, uliozaliwa mwaka wa 2001 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya Moi na vyuo vya Marekani vikiongozwa na Indiana, ulianza na Ukimwi kisha ukapanua njia hizo hizo kwa kisukari na shinikizo la damu.

Jaribio lao moja lanivutia hasa. Katika kaunti za Trans Nzoia na Busia waliwakusanya watu wenye kisukari au shinikizo la damu katika vikundi. Vingine vilikuwa vya kuweka akiba na kukopeshana, vingine vya kutibiwa pamoja, na vingine vya mambo yote mawili. Yaani tabibu huwafuata, huwapima wote mahali pamoja, na wenzako wanajua kama hukuja. Matokeo yaliyotolewa mwaka wa 2021 yalionyesha kwamba shinikizo la damu lilishuka katika makundi yote, hata yale ya huduma ya kawaida, ila waliotibiwa kwa vikundi walishuka zaidi kidogo. Si muujiza, na wala hawakudai ni muujiza. Lakini ni wapi nchini ambako hakuna chama cha akina mama? Olenguruone haihitaji kufundishwa kukaa kwa vikundi. Wakulima wa chai wamezoea kukutana, kupima majani na kusubiri malipo pamoja. Kikundi ambacho tayari kinakutana kila mwezi kuhesabu fedha hakishindwi kuongeza nusu saa ya kupima sukari na kugawa vidonge vya miezi miwili.

Mei mwaka wa 2022 mataifa yote wanachama wa Shirika la Afya Duniani yalikubaliana kuhusu malengo ya kisukari ya kufikia mwaka wa 2030: asilimia 80 ya wenye kisukari wawe wamegunduliwa, asilimia 80 ya waliogunduliwa wawe wamedhibiti sukari, na kiasi hicho hicho shinikizo la damu, na kila mwenye kisukari cha aina ya kwanza apate insulini na vifaa vya kujipimia kwa bei anayoiweza. Hilo la pili ndilo mwalimu wangu wa leo. Lingetangazwa kila Novemba, kaunti kwa kaunti, zahanati kwa zahanati, tungekuwa na mazungumzo ya aina nyingine kabisa. Afya ni kazi ya kaunti tangu mwaka wa 2013. Nakuru haihitaji ruhusa ya Nairobi kutoa takwimu zake yenyewe.

Kuhusu fedha, sheria zilizotiwa sahihi Oktoba mwaka wa 2023 zilileta Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua mahali pa NHIF kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024, pamoja na mfuko wa huduma za msingi unaokusudiwa kulipia matibabu katika zahanati na vituo vya afya bila mgonjwa kutoa senti. Kwa maandishi, huyo mama wetu wa kubuni hapaswi kamwe kununua metformini dukani, mradi anatibiwa ngazi hiyo ya chini. Kwa hiyo thamani ya mfuko huo kwa mgonjwa wa kisukari inategemea jambo moja dogo, kama vidonge vimo katika zahanati iliyo karibu naye au vimekaa hospitalini. Na tusisahau yaliyotokea Januari mwaka wa 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje ghafla na miradi mingi ya afya Afrika Mashariki ikayumba kwa siku chache tu. Ugonjwa wa miaka 30 hauwezi kuegemezwa kwenye hisani ya mwaka mmoja mmoja.

Nimezungumzia tiba kwa kirefu kwa sababu ndiko tunakofanya udanganyifu mkubwa zaidi wa hesabu. Kuhusu kinga, udanganyifu wetu ni wa aina nyingine: tunaamini kwamba tukisema sana, watu watabadilika. Kisiwa cha Morisi kilianza mwaka wa 1987 kampeni kubwa ya kitaifa dhidi ya maradhi yasiyoambukiza, kwa redio, shule na mikutano. Serikali yake ilifanya na jambo la pili: ilibadilisha mafuta ya kupikia ya bei nafuu yaliyotumiwa na wananchi wengi, ikapunguza ya mawese na kuweka ya soya. Miaka mitano baadaye wakapima. Kolesteroli katika damu ya taifa zima ilikuwa imeshuka sana, kutoka wastani wa 5.5 hadi 4.7. Uvutaji wa sigara na shinikizo la damu pia vilipungua. Lakini unene uliongezeka, na kisukari hakikutikisika. Mimi nasoma hapo kwamba kilichokwenda kwa urahisi zaidi ni kile ambacho mwananchi hakuhitaji kukiamua kila asubuhi. Mafuta yalibadilika dukani, naye akapika kama kawaida. Sukari, chakula kingi na kukaa kitako havikuguswa na mkono wa aina hiyo.

Hata hivyo, kinga inawezekana inapofanywa kwa subira. Katika mji wa Da Qing nchini China, mwaka wa 1986, watu 577 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda waligawanywa kwa zahanati 33. Baadhi wakasaidiwa kwa miaka sita kubadili chakula na kufanya mazoezi. Walipofuatiliwa kwa miaka 30, waliosaidiwa walikuwa wamechelewa kupata kisukari kwa takriban miaka minne, na vifo vya maradhi ya moyo vilikuwa vichache miongoni mwao. Miaka sita ya kusaidiwa, si mhadhara mmoja wa asubuhi kwenye gwaride la shule.

Na shule zetu? Somo la mazoezi ya viungo limo katika ratiba, na kila mwanafunzi anajua linavyomezwa na hisabati muhula wa mtihani unapokaribia. Chai ya saa nne hutiwa sukari jikoni kwa ndoo nzima, kabla mnywaji hajaulizwa. Duka la shule linauza soda, biskuti na mandazi. Matunda huuzwa nje ya lango, tena na mama anayefukuzwa na bawabu. Sitaki kuwalaumu walimu wakuu wanaohesabu kila shilingi. Nasema tu kwamba hapo ndipo shule inaweza kufanya walichofanya Wamorisi kwa mafuta. Sukari ikitengwa na birika, kila mtu akajitilia, wengi watajitilia kidogo. Na jambo hilo halihitaji mfadhili.

Lipo jingine ambalo walimu wa bweni hawawezi kuliahirisha. Kisukari cha aina ya kwanza huwapata watoto na vijana, hakitokani na kula sukari, na hakina uhusiano na unene. Kongosho imeacha kutengeneza insulini. Dalili zake shuleni zinafanana na utovu wa nidhamu: mtoto anaomba ruhusa ya kwenda msalani kila kipindi, anakojoa kitandani ilhali alikuwa ameacha, anakunywa maji bila kikomo, anakonda huku anakula, anasinzia darasani. Akianza kutapika na kuhema kwa nguvu, wengi hudhani ni malaria au tumbo, na saa zinazopotea hapo ndizo zinazomuua. Aliyekwisha kugunduliwa naye ana hatari ya upande wa pili: akichoma insulini kisha akakosa chakula, hutetemeka, hutokwa na jasho na kuchanganyikiwa, na hapo anahitaji kitu kitamu papo hapo, kabla ya kuulizwa kwa nini ameondoka darasani bila ruhusa.

Insulini ilimwokoa kijana wa miaka 14 mjini Toronto mwaka wa 1922, na waliohusika na uvumbuzi huo waliiuzia haki zake chuo kikuu chao kwa dola moja kila mmoja, ili mtu yeyote asiikose. Karne moja imepita. Hapa Kenya watoto wengi wenye kisukari hicho wanaishi kwa insulini inayotolewa bure na mipango ya hisani ya kampuni na mashirika ya nje, jambo la kushukuriwa, lakini hisani ina mwisho na mtoto hukua akavuka umri unaosaidiwa. Baridi ya Olenguruone walau inamsaidia mzazi asiye na jokofu kuitunza chupa isiharibike upesi. Mengine yote yanategemea watu. Kaunti inayotaka kujua kama lile lengo la mwaka wa 2030 linakaribiwa haina haja ya hema wala kipaza sauti. Inahitaji daftari lenye jina la kila mtoto wa namna hiyo, shule anayosoma, mwalimu anayejua hali yake, na tarehe aliyochukua chupa yake ya mwisho.